Simu Mpya Inayozima Adhuhuri



Twapenda leo kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu watalicheka, wakaona si la kuandikwa katika karatasi ya wakulima wa karafuu. Jambo lenyewe ni chaji ya simu. Tangu msimu huu uanze hapana barza tuliyokaa isipokuwa tumelisikia: kwamba simu mpya zilizonunuliwa Tanga kwa mkono wa chama chetu zinakwisha chaji kabla ya adhuhuri. Mzee wetu mmoja alitwambia mbele ya watu, "Mwanangu katibu, nyinyi mmetuletea simu au mshumaa?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka nao. Lakini tulirudi nyumbani bila ya furaha, kwani nyuma ya kicheko kile palikuwa na neno jengine ambalo halikusemwa mbele yetu, nalo ni kwamba kamati imekula.

Neno hilo twataka kulijibu. Walakini kwanza twataka kueleza kwa nini jambo lenyewe si la kucheka.

Katika kambi moja ya wachumaji, kijana alikatikiwa na tawi akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Mwenye shamba alikuwapo, na simu yake mpya imo mfukoni, nayo imezima tangu saa tano ya asubuhi. Ilibidi mtoto apige mbio mpaka barabarani kutafuta mtu mwenye simu na gari, na muda wote huo majeruhi amelazwa juu ya jamvi na mkono umevunjika. Amepona, alhamdulillahi, na mkono umeunga. Lakini na tujiulize: lau angekuwa anavuja damu, tungemwambia nini mama yake? Tungemwambia kuwa hatukuweza kuita gari kwa sababu simu ilikuwa ikipiga muziki tangu alfajiri?

Wazee wetu walihitaji ngazi, pishi na jamvi, wakavuna. Sisi leo tumeongeza cha nne. Kwa simu twamwita mwenye gari la kubeba magunia. Kwa simu twauliza khabari ya mvua kabla ya kuanika, maana karafuu ikirowa juu ya jamvi huharibika rangi na daraja lake likashuka. Kwa simu twapokea fedha na kuwalipa wachumaji, na kwa simu hiyo hiyo twazungumza na watoto wetu walioko masomoni Tanga. Simu ikizima, mkulima amefungwa mdomo na mkoba kwa pamoja.

Aidha yafaa tukumbuke chaji hiyo inatoka wapi. Mpaka mwaka 2010 umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo ulipofunguliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa serikali ya Norway. Kwa hivyo moto uliomo katika betri zetu umevuka bahari kuja huku kama zilivyovuka simu zenyewe. Na waya wa baharini si kitu cha kuchezea: wenzetu wa Unguja walikaa gizani takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wao kutoka bara ulipokatika. Hata leo, umeme ukiwa umefika vijijini, haujafika chini ya kila mkarafuu. Mtu hutoka alfajiri na simu iliyojaa, na hana pa kuichomeka mpaka arudi usiku.

Basi kamati iliamua kuchunguza. Tulikusanya simu 6 za wanachama waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. Tulipokuwa tunaondoka, kijana mmoja akatuletea simu ya bibi yake, ikawa ya 7. Tukavuka nazo mpaka Tanga, tukakaa kutwa nzima Ngamiani kwa fundi ambaye hakuziuza yeye wala hana ujamaa na aliyeziuza, kwani tulitaka mtu asiye na upande. Jambo la kwanza alilotufunza ni kwamba simu haifunguliwi kwa bisibisi kabla ya kusomwa. Ndani ya Mipangilio mna mahali pameandikwa Betri, na humo yameandikwa majina ya programu na kila moja imekula asilimia ngapi. Alitwambia, "Bwana Katibu, simu inajishitaki yenyewe. Kazi yenu ni kuisoma tu."

Tulizisoma, na twaleta kwenu tuliyoyaona bila ya kumtaja mtu.

Simu ya kwanza ilikuwa na umri wa siku mbili tu mikononi mwa mwenyewe, naye alikwisha kuihukumu kuwa mbovu. Ilikuwa nzima. Simu mpya ni kama mtu aliyehamia nyumba: siku mbili tatu za mwanzo hubeba mizigo. Hushusha picha na majina ya simu ya zamani, huleta programu zake za karibuni, huzipanga, na yote hayo huyafanya kimya kimya na kioo kimezimwa. Hupata joto na chaji hukimbia. Dawa yake ni kuiacha usiku kwenye umeme na penye mtandao mzuri imalize uhamiaji wake, kisha ndipo ihukumiwe.

Simu ya pili ilikuwa na kioo kilichowekwa mwangaza wa mwisho kabisa, kwa sababu mwenyewe huisoma juani, na kioo kinaendelea kuwaka dakika 10 baada ya yeye kuiweka mfukoni. Katika simu nyingi kioo ndicho mlaji mkubwa kuliko wote. Tuliupunguza mwangaza, tukakiamuru kioo kizime baada ya sekunde 30. Mwanachama akitaka kusoma ujumbe, naasogee kivulini.

Simu ya tatu ni ya mtu mwenye shamba bondeni, nayo ina laini mbili, na moja ya laini hizo haina mtandao kabisa pale shambani. Hapa fundi alitupa mfano tulioupenda. Alisema simu iliyo karibu na mnara huzungumza kwa kunong'ona, na iliyo mbali nao hupiga ukelele; na mpiga ukelele huchoka upesi. Laini isiyo na mtandao hutafuta mnara kutwa, hata kama simu haijaguswa. Wenzetu wa upande wa Muheza na Amani, ambao mashamba yao yamo katika mikunjo ya milima ya Usambara, wanaijua taabu hii kama sisi. Dawa yake ni kuizima laini isiyo na kazi mahali hapo, na penye 4G dhaifu kuichagulia simu mtandao wa chini yake ambao unashika vizuri.

Jambo hili tulilijaribu wenyewe baharini tuliporudi. Simu mbili za namna moja, zote zikiwa na asilimia 90, moja tuliiacha kama ilivyo na nyengine tukaiweka katika hali ya ndegeni, ambayo huifunga isitafute mnara. Katikati ya mkondo, huku minara ya Tanga imepotea na ya Pemba haijapatikana, ile ya kwanza ilikuwa ya moto mkononi. Tulipofika bandarini ilibaki na 71, na mwenziwe 88. Nani kati yetu hajapata kushuka chomboni na simu iliyokufa, na jamaa wanamngoja gatini wasimwone?

Simu ya nne ilikuwa imeliwa na programu. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na betri ndiyo mkulima huyo. Palikuwa na programu ya video fupi inayoendelea kufanya kazi hata ikifungwa. Palikuwa na nyengine tatu zinazouliza kila mara mwenyewe yuko wapi, na hali hakuna hata moja kati yao inayohitaji kujua. Na palikuwa na vikundi vya WhatsApp 19, vyote vikishusha picha na video bila ya kuulizwa. Kwa haki twakiri kwamba kimoja katika vikundi hivyo ni cha chama chetu, na mwenye kutuma picha nyingi kuliko wote humo ni sisi wenyewe. Toka leo tutaandika maneno tu katika siku za mavuno. Na kila mwanachama aingie katika mipangilio ya WhatsApp azuie picha na video zisijishushe zenyewe, na katika Mipangilio ya simu aikataze kila programu isiyo na haja kujua mahali alipo.

Simu ya tano ilikuwa ikikaa juu ya sakafu ya kuanikia, kando ya majamvi, ikipiga redio. Ndugu zetu, jua lile lile linaloikausha karafuu linaiua betri. Betri za simu hizi ni za lithiamu, ambazo Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991, na adui yao mkubwa ni joto. Mtengenezaji wa simu za iPhone anasema zitumike penye joto lisilozidi nyuzi 35, na kila aliyekanyaga sakafu ya kuanikia pekupeku saa saba ya mchana ajua kuwa pale pana zaidi ya hapo. Khasara ya joto si ya siku ile tu, kwani betri iliyoungua mara nyingi hupungua ujazo wake na hairejei tena. Basi simu isiachwe juani, wala mbele ya gari chini ya kioo, wala isichajiwe chini ya mto wa kulalia.

Simu ya sita haikuwa ikikwisha chaji upesi, bali haikuwa ikijaa. Mwenyewe alipoteza waya uliokuja nao katika boksi, akanunua mwengine njiani kwa bei ya kutupa. Huichomeka usiku, na asubuhi imefika asilimia 60, naye hatazami, hutoka. Alipopewa waya mzuri, maradhi yalikwisha.

Hizo ni simu 6, na zote nzima. Tulikuwa tumekwisha kuanza kutunga maneno ya kuwajibu watu kwa kiburi, tukaifikia ya saba.

Simu ya saba, ile ya bibi, ilijazwa pale pale, ikazimwa programu zote, ikawekwa katika hali ya ndegeni. Kwa muda wa saa mbili ilishuka mpaka 40, kisha ikazima ghafla. Fundi aliilaza juu ya meza, tukaona mgongo wake umeanza kutuna. Betri ile imevimba, na betri iliyovimba ni khatari: haibonyezwi, haitobolewi, wala haichajiwi tena. Msidhani ni simu za bei nafuu tu zinazopatwa na mambo hayo. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya Samsung iliziita zirudi simu zake za Galaxy Note 7, kisha ikaacha kuziuza kabisa, kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto.

Na yule bibi hakulalamika hata siku moja. Alidhani kosa ni lake, kwa kuwa hakusoma skuli na hajui simu za kileo. Waliopiga kelele simu zao zilikuwa nzima, na aliyenyamaza ndiye aliyeuziwa kitu kibovu. Hili limetufunza kuliko yote tuliyoyaona Ngamiani.

Kabla ya kusema lililotupasa, twataka kuondoa dhana chache zinazozunguka barzani. Si kweli kwamba simu mpya lazima ichajiwe saa 8 kabla ya kuwashwa. Hayo yalikuwa ya betri za zamani. Si kweli kwamba betri iachwe mpaka ife ndipo ijazwe. Betri ya lithiamu hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80, na kuiua kila siku ni kuizeesha. Si kweli kwamba kufagia programu zote kila dakika huokoa chaji, kwani simu hutumia nguvu kuziamsha upya. Programu zinazoahidi kuongeza chaji aghlabu huwa ni mlaji mwengine aliyeingia kwa jina la mpishi. Na kuitia simu katika friji ili ipoe ni kuitia maji kwa hiari yako, kwani ikitolewa katika hewa yetu ya pwani hutoka jasho ndani.

Mwenye kushuku simu yake naafanye hivi kwa siku tatu, na aandike. Usiku wa kwanza aijaze mpaka 100, aichomoe, aiweke katika hali ya ndegeni, alale. Asubuhi simu nzima itakuwa imepoteza asilimia chache tu. Iliyopoteza 20 au zaidi ni ya kushukiwa. Siku ya pili aitumie kwa laini moja, kioo cha wastani, na programu za haja tu. Siku ya tatu aitumie kama ada yake. Akilinganisha siku ya pili na ya tatu, atajua ni kiasi gani alichokula mwenyewe. Na karatasi hiyo aje nayo kwetu, kwa sababu mwenye duka hukataa maneno, lakini kukataa hesabu ni vigumu zaidi.

Kadhalika kila mmoja aibonyeze *#06#, itatoka namba yenye tarakimu 15. Namba hiyo aitume kwa ujumbe kwenda 15090, naye atajibiwa simu hiyo ni ya namna gani. Jibu likitaja namna nyengine na iliyoandikwa mgongoni, simu hiyo ina walakini. Tusisahau kuwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu za bandia zilifungiwa nchi nzima, na wengi waliamka na vipande vya plastiki.

Sasa twarejea kwenye lile neno la kwamba kamati imekula. Stakabadhi zote za ununuzi zimo katika ofisi ya chama, na kila mwanachama ana haki ya kuja kuzisoma. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake. Hatukula. Lakini tulikosa, na kosa letu twalitaja kabla halijatajwa. Tulizipokea simu dukani bila ya kuzijaribu. Hatukudai dhamana ya maandishi. Na tuliwagawieni siku ya kwanza ya mavuno, wakati hakuna mtu mwenye nafasi hata ya kuuliza, kisha tukawaacha. Kumpa mtu chombo asichofunzwa, halafu kumcheka kwa kutokijua, si uungwana.

Simu ya bibi tumeipeleka dukani pamoja na maandishi ya fundi, na mwenye duka ameahidi kutoa nyengine. Ahadi hiyo hatujaiona kwa macho, nasi tutaifuatilia mpaka ionekane.

Kwa mkutano mkuu ujao twapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama kisinunue tena chombo chochote ila baada ya kukijaribu usiku mmoja na kupata dhamana iliyoandikwa. Pili, kila kambi ya kuchumia iwe na simu moja ya batani, kitochi, iliyojaa chaji, ikae kwa msimamizi wa kambi, isipigwe redio wala isitolewe picha. Simu hizi hukaa siku kadhaa bila ya kuchajiwa, na kazi yake iwe ni kuita msaada tu. Tatu, vijana wetu waliosoma watoe nusu saa kila Ijumaa jioni barzani, wawafunze wazee na akina mama mipangilio ya simu, na wamwulize kila mtu yake inakwendaje, khasa yule asiyelalamika.

Twajua mtu atasema, "Simu ni yangu, nimeilipia, na kioo nitakiwasha nipendavyo." Nyumbani kwako, kweli. Lakini kambini, palipo na vijana juu ya matawi, simu yako ni ngazi ya wote, na asilimia zako za asubuhi si zako peke yako. Aliyelazwa juu ya jamvi hakuuliza simu ni ya nani. Aliuliza kama inawaka.

Nasi twawatakieni mavuno mema na jua la kutosha juu ya majamvi.

Katibu wa Chama